Bawa la Kulia

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, mkanilisha pilau, mkaniambia niseme machache. Nikasema asante, nikakaa. Soda zilikuwa zinapata joto, na mgeni wa heshima alikuwa ameshaongea kwa niaba yetu sote pamoja na wajukuu wetu. Lakini nilijua kuna neno mlilokuwa mnalingoja. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimesimamisha mashine katikati ya kazi, kalenda za watu zikiwa nusu na Desemba imeshaingia, nikasema hakuna karatasi itakayotoka mpaka tai wa kwenye picha ageuzwe. Mutua wa kompyuta hakunisalimia siku mbili. Yeye ndiye aliyemgeuza yule tai ili atazame upande wa jina la mteja, na kusema kweli alipendeza zaidi hivyo.

"Mama Kalekye," aliniambia, "tai ni tai. Akitazama huku, akitazama kule, nani atajua?"

Sikumjibu, kwa sababu jibu lenyewe lina umri mkubwa kumshinda yeye, na wateja walikuwa wamejaa mlangoni. Sasa nina nafasi, nalitoa. Mambo ya mishahara na vyeo sitayagusa. Vyeo vyenyewe vilikuwa viwili tu, na kimoja kilikuwa cha kushika funguo.

Nilifika Kitui miaka ya sitini ikikaribia kwisha, nikitoka kwetu milima ya Mbooni na cheti cha darasa la saba na sweta moja. Mwenye kiwanda alikuwa Fundi Athumani. Mbele aliweka studio ya picha, na nyuma mashine ya kuchapia ya kukanyaga kwa mguu. Wazee wake walitoka Pwani zamani wakifuata biashara, yeye akazaliwa hapo hapo mjini, lakini Kiswahili chake hakikuwahi kupanda mlima. Alinipokea akiwa amesimama, mikono imejaa wino.

"Unaitwa nani, binti?"

"Naitwa Kalekye. Nimekuja kwa ile kazi."

Akanipa kile kibao kidogo cha chuma tunachopangia herufi za risasi. Ndani mlikuwa na mstari umeshapangwa. "Soma," akasema.

Nikatazama. Nikageuza kichwa. "Hii maneno imeandikwa vibaya."

"Hayajaandikwa vibaya. Wewe ndiye hujajifunza kusoma upande huu. Na sema haya maneno, si hii maneno."

Nikanuna. Makosa mawili kwa pumzi moja, na hata kiti sijapewa! Lakini nilirudi kesho yake, na keshokutwa, kwa sababu ile harufu ya wino ilikuwa imeshanishika. Nyinyi hamkuwahi kupanga herufi kwa mkono, basi niwaeleze: herufi ya risasi imechongwa kinyume, ili ikigusa karatasi itoke sawa. Unapanga jina la mtu likiwa limegeuka, na lazima ulisome likiwa limegeuka, upesi, maana kosa ukiliona kwenye karatasi umeshachelewa. Mwaka wa pili nilikuwa nasoma kinyume upesi kuliko sawa. Kanisani nilikuwa nafungua kitabu cha nyimbo na kwa dakika nzima naona kimekosewa. Lishikeni hilo la macho yangu, nitalirudia.

Kazi yetu kubwa ya mwaka ilikuwa kalenda. Ikifika Agosti, watu wa mashule, makanisa na maduka wanaanza kuja. Kila kalenda ilikuwa kadi ngumu. Juu tunabandika picha kwa gundi ya wanga, katikati tunachapa jina la mwenyewe, na chini tunapiga pini kale kadaftari ka miezi kumi na miwili. Picha zilikuja zimeshachapwa tayari, kwa maboksi, na sijui nani huko alikuwa akizichagua. Milima ya theluji. Meli. Paka wa manyoya ndani ya kikapu. Tulikuwa na duka la mbegu Mwingi ambalo mwaka mzima lilitangazwa na paka.

Lakini jina pekee halikumtosha mtu. Kila mmoja alitaka mwaka wake. Wa Kikima anataka siku ya soko la Kikima iwe nyekundu, wa Kambu hana habari na soko hilo. Shule inataka siku ya kufungua na ya kufunga. Mwenye hoteli ya Kambu, pale kwenye barabara ya Mombasa, alitaka picha yake mwenyewe akiwa ameshika birika, na tulimwekea, na nasikia wasafiri walikuwa wakiichapa kofi wakati chapati zinachelewa. Mwaka wangu wa tatu nilipanga kalenda ya mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Mwingi, nikamchapia Idi kwa wino mwekundu, tarehe kavu, kama Krismasi. Fundi Athumani aliishika ile karatasi akacheka mpaka akakaa.

"Kalekye, mwezi umeshakuandikia barua?"

Tangu hapo kalenda za Waislamu nilikuwa naziwekea kiduara kitupu kwenye siku mbili zinazofuatana. Mwezi ukionekana, mwenyewe anajaza kiduara chake kwa kalamu. Walikipenda sana kile kiduara. Mimi pia nilikipenda, na nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwamba kalenda nzuri inamwachia mtu mahali pa kuandika.

Sasa tai. Mwaka mmoja, miaka ya sabini ikiwa michanga, mchungaji wa kanisa moja la Kikima aliingia na kalenda yetu ya mwaka uliopita akaitandika mezani. Ilikuwa na theluji.

"Fundi, washirika wangu wananiuliza kama huku ndiko mbinguni," akasema. "Wazee wanaogopa baridi. Nataka tai. Mahubiri yangu ya mwaka mzima ni tai. Na nataka tai wa hapa kwetu."

Mtu mwingine angemwambia tai hayupo kwenye boksi. Fundi Athumani alifunga duka saa sita mchana, akaenda kumtoa kabatini mpenzi wake. Alikuwa na lenzi moja ndefu aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, na kwa miaka alikuwa akiifuta vumbi bila sababu ya kuitumia. Siku ile ilipata sababu. Mnunuzi mmoja wa mbuzi akatuambia kwamba upande wa Kalamba kuna jabali lenye tai wawili weusi wenye mgongo mweupe, na kwamba mwenye shamba ni Mzee Muthiani, mtu mkali lakini anakaribisha wageni.

Ilituchukua siku nzima kufika, kwa basi na kwa mguu, mimi nikibeba stendi ya kamera ya miguu mitatu na Fundi akibeba lenzi kifuani. Mzee Muthiani alikuwa mrefu, mkavu, amestaafu reli. Kazi yake kule ilikuwa kutembea kando ya njia akikagua pini za reli moja moja, na hata nyumbani alitembea hivyo hivyo, macho chini. Nyuma ya mlango wake ulining'inia uta. Mke wake, Mama Nduku, alituletea uji, nasi tukamweleza mzee shida yetu.

"Mmefika wakati mzuri," akasema. "Pigeni picha zenu upesi. Mwezi huu nawamaliza."

Akanyanyuka akatuteremshia chupa kutoka kwenye rafu. Ilikuwa dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe. Alikuwa na hesabu yake kamili: anaipaka kwenye pande la nyama, analiweka juu jabalini, tai wote wawili wanakula. Walikuwa wamemla kuku, akasema, na wana wa mbuzi, na alikuwa amechoka.

"Na mtoto wao?" nikauliza. Nilikuwa nimetoka kumwona kwa ile lenzi dakika chache nyuma, ukingoni mwa jabali, mweupe, manyoya tu, akimfungulia mama yake mdomo.

"Huyo atakufa mwenyewe kwa njaa. Sina haja ya kumharibia dawa."

Nilitaka kulia, na mimi si mtu wa kulia kwa wenyeji. Fundi Athumani aliinamia uji wake, maana mgeni hamfundishi mwenye shamba. Mimi sijui nilipata wapi mdomo.

"Mzee," nikasema, "reli ilikuwa inamfukuza mtu kazi bila kuandika makosa yake?"

Akanitazama. "Hapana. Barua tatu. Na tarehe."

"Basi huyu tai umemwandikia ngapi?"

Mama Nduku akaangua kicheko kule jikoni. Mzee hakucheka, lakini aliirudisha chupa kwenye rafu. Nikamwambia nitamchapia karatasi, kila siku na chumba chake, aandike kila kinacholetwa pale jabalini na kila kinachopotea hapa nyumbani. Aandike mpaka mwisho wa mwaka.

"Na makosa yakijaa?"

"Yakijaa, mimi mwenyewe nitakuja kukushikia hiyo chupa."

Tulipofika barabarani Fundi akasimama. "Binti," akasema, "umeahidi kuua ndege kwa mkono wako." Sikulala vizuri wiki nzima.

Zile karatasi nilizipanga mwenyewe, za Julai mpaka Desemba, kwa mistari ya shaba, vyumba vikubwa vya kutosha penseli ya mzee. Juu nilichapa: MASHTAKA YA TAI. MWANDISHI: MZEE MUTHIANI, KALAMBA. Siku za soko la Kalamba niliziweka nyekundu, alisisitiza hilo, kwamba siku za soko asilaumiwe akikosa kuona. Hiyo ndiyo kalenda ya kwanza niliyoitengeneza kwa ajili ya mtu mmoja tu duniani.

Tulirudi mara tatu kupiga picha. Tulijenga kibanda cha magunia na matawi kwenye jiwe linalotazamana na lile jabali, tukaingia alfajiri, tukakaa. Fundi, mwalimu wangu, aliweza kukaa saa tano bila kukohoa. Mimi miguu ilikuwa inakufa ganzi na siafu wananijua kwa jina. Mzee Muthiani alikuja kukaa nasi mara mbili, na mara ya pili akanionyesha pengo. Tai jike alikuwa na pengo kwenye bawa, unyoya mmoja mkubwa hauko, mwanga unapita.

"Ule ni mshale wangu," akaninong'oneza. "Zamani, nikiwa likizo. Nilimlenga kifua, upepo ukauchukua. Ulipita bawa la kulia. Unyoya ukaanguka, na haujaota tena mpaka leo."

Alisema kwa kujivuna, au kwa aibu, mimi sikuweza kujua. Asubuhi ile ile tai alirudi na pimbi kwenye makucha, yule mnyama wa majabalini kama sungura aliyekatwa masikio, akafungua mabawa yote mawili kutua, mgongo kwetu, na Fundi akabonyeza. Mara moja tu. Akashusha pumzi akaniambia, "Tumempata."

Novemba, kazi ikiwa imetufika shingoni, Fundi alipata habari ya msiba Pwani. Akaniita, akanipa funguo. Ndicho kile cheo nilichowatajia.

"Picha ya tai utaisafisha wewe," akasema. "Unajua kila kitu."

Nilijua karibu kila kitu. Filamu ikishasafishwa ina pande mbili, mmoja unang'aa na mmoja una ukungu. Kwenye mashine ya kukuzia picha, upande wenye ukungu lazima utazame chini kwenye karatasi. Ukikosea, picha inatoka safi kabisa, nzuri kabisa, ila kulia imekuwa kushoto. Nilijifungia kwenye chumba cha giza siku nne. Ile picha ilipoanza kutokea kwenye dawa nilipiga kelele peke yangu mle ndani, Ngai wangu, kila unyoya unaonekana! Niliitazama nikaona iko sawa. Nawaapia, niliona iko sawa. Kwa miaka macho yangu yalikuwa yamelipwa kuona kinyume na kukiita sawa, na siku hiyo yakafanya kazi yake ya kila siku. Nikasafisha mamia, nikakausha, nikabandika, nikachapa majina, nikatuma.

Sifa zilizorudi, wacha tu. Mchungaji aliandika kwamba kanisa zima limesimama. Mwenye hoteli wa Kambu alitaka tai awekwe karibu na picha yake na birika. Yule wa Mwingi alichukua za ndugu zake wote. Hakuna hata mmoja aliyesema lolote juu ya bawa.

Wiki ya mwisho ya Desemba niliifunga kalenda moja kwenye gazeti nikaenda Kalamba. Fundi alikuwa bado Pwani. Siku za mzee za kuandika zilikuwa zimekwisha, na ahadi ya chupa ilikuwa yangu. Jambo la kwanza nilipofika kwenye kiambo lilikuwa kutazama rafu kupitia dirisha. Chupa ilikuwepo.

Mzee Muthiani alifungua gazeti polepole. Akatazama. Akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Uso ukabadilika.

"Huyu ni nani?"

"Ni tai, Mzee. Ni yule wako."

"Huyu si wangu!" Alipiga kelele mpaka mbuzi wakatawanyika. "Wangu ana pengo bawa la kulia. La kulia! Mimi nilimpiga mwenyewe, nisijue nilipompiga? Na huu ufa wa jabali umehamia wapi? Mmekwenda kupiga picha jabali la mtu mwingine mnaniletea mimi?"

"Mzee, hakuna jabali lingine…"

"Njoo hapa!" Akanivuta kwa mkono mpaka uani. Kwa bahati, au sijui niseme nini, jike alikuwa angani, chini kiasi, ametugeuzia mgongo akielekea kutua. Pengo lilikuwa kulia. Nikatazama kalenda. Pengo lilikuwa kushoto. Mamia yale yote! Kikima, Mwingi, Kambu, kila ukuta, na tai wangu amegeuka kila mahali.

Nikamweleza: filamu, pande mbili, macho yangu. Sikujificha nyuma ya mtu. Mzee akanisikiliza kama mkaguzi anavyomsikiliza kibarua aliyelegeza pini. Halafu akaingia ndani akatoka na zile karatasi za mashtaka, nikajua saa imefika.

Alizisoma kwa sauti, kuanzia Julai. Pimbi. Pimbi. Kanga. Pimbi. Nyoka mkubwa. Pimbi wawili. Kuku mmoja, kachukuliwa na mwewe, si tai. Kuku mwingine, nguchiro, nimeona nyayo. Pimbi. Mwana wa mbuzi mmoja, ni yeye, nimeona kwa macho. Hapo akanitazama kuhakikisha nimesikia. Pimbi. Na kuanzia Septemba mashtaka yakaanza kupotea njia. Mvua kubwa, amemfunika mtoto mpaka jioni. Mtoto amepiga mabawa leo, hajaruka. Mtoto bado. Mtoto ameruka saa nne na nusu, ameangukia mti, ametoka mzima. Mama Nduku hakuwepo, ameikosa.

"Mwanangu," Mama Nduku akanigeukia, "huyu mtu anamsalimia yule ndege kabla hajanisalimia mimi. Mwezi mzima nimekula chakula kikiwa kimepoa."

Nikakusanya ujasiri. "Mzee, na ile chupa?"

"Chupa gani?" Akaitazama rafu kama anaiona mara ya kwanza. "Ile haina kitu. Dawa niliogeshea ng'ombe tangu Oktoba. Wewe shughulika na kazi yako uliyoiharibu. Nenda ukanirekebishie tai wangu."

Nililia basi. Uani pale pale, mbele ya wenyeji na mbuzi wao. Mama Nduku, ambaye tangu siku hiyo namwita mwaitu, kama tunavyomwita mama kwetu, alinifuta kwa kanga yake akamkaripia mume wake kwa kuniogopesha, na mzee akabaki kurudia kwamba yeye hajafanya kitu.

Fundi Athumani aliporudi nilimweleza yote nikingoja kufukuzwa. Alicheka kwanza. Kisha akasema macho yangu ameyaharibu yeye mwenyewe, kwa hiyo kosa tugawane. Januari nzima nilichapa upya nikapeleka. Mchungaji alikataa kubadilisha, akasema washirika wameshamzoea. Mwenye hoteli alikubali, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imeshamwagikiwa na chai. Na Fundi akaweka sheria ambayo nyinyi mliikuta na mkaiona ni usumbufu wa wazee: picha haitoki hapa kabla mwenye picha hajaiona prufu, ile karatasi ya kwanza ya majaribio. Kwa tai, mwenye picha alikuwa Mzee Muthiani. Kila mwaka prufu ilikwenda Kalamba na kila mwaka ilirudi imeandikwa kwa penseli: Sawa. Bawa la kulia.

Na kila mwaka nilimpangia karatasi zake za vyumba. Mwaka wa pili aliniambia nitoe lile neno Mashtaka. Nikamuuliza niweke nini. "Acha wazi," akasema. Miaka ikapita, mashine ya kukanyaga ikaondoka ikaja ya umeme, Fundi Athumani akafariki akituacha na lenzi yake, wanawe wakaendelea nasi, na tai wakawa ndiyo alama ya kalenda zetu, miezi kumi na miwili ya tai, jina lako chini. Maandishi ya mzee yakazidi kufupika. Mwishoni likabaki neno moja kila siku. Yupo. Yupo. Yupo. Kisha, mwaka mmoja, siku kumi na moja mfululizo: Hayupo. Yule wa pengo alikuwa amekwenda. Nilizisoma zile siku kumi na moja zaidi ya mara moja. Siku ya kumi na mbili aliandika: Mgeni. Mabawa mazima. Kijana. Anaogopa. Na kesho yake: Yupo.

Mzee Muthiani alifariki nyumbani kwake, siku ya soko. Nilikwenda mazishi, na watu walipotawanyika nikaingia ndani kuisalimia ile karatasi ukutani. Nilitegemea kuona vyumba vitupu tangu alipolala kitandani. Havikuwa vitupu. Maandishi yalikuwa makubwa, yamelala, herufi moja imegombana na nyingine.

"Alinifundisha," mwaitu akasema. "Mkono ulimshinda, akanifundisha hilo moja. Mengine sijui."

Yeye hakuwahi kukaa darasani. Neno analojua kuandika ni moja: Yupo. Alikuwa ameliandika siku mzee anaumwa, akaliandika siku aliyokufa, na siku ya mazishi, kabla watu hawajaja, alikuwa ameshaliandika.

Sasa Mutua, sogea karibu. Wiki ya kwanza ya Januari, nikiwa mstaafu wa siku tano, nilichukua prufu yako na ile iliyotoka baada ya tai kugeuzwa, nikaenda Kalamba kwa mwaitu. Tai wa sasa hana pengo, bawa lake la kulia ni sawa na la kushoto, na wewe ulikuwa na haki ya kuniuliza. Sikumwambia kitu. Nilimpa zote mbili. Alizishika kwa mbali, macho yake si mazuri tena, akapitisha kidole kwenye ufa wa jabali, huku kisha huku. Ile yako akailaza kifudifudi mezani bila kuniuliza. Nyingine akaitundika pale pale kwenye msumari wa mzee, akatoa penseli kwenye kitambaa chake cha kichwa, akaenda mlangoni akatazama jabali kwa muda mrefu. Halafu akarudi, akaandika.